Skuta kugoma kuwaka baada ya mvua

Yakhe, umesema stata inazunguka vizuri lakini skuta haiwaki tangu mvua ya juzi usiku. Basi betri iache, haina neno. Anza na plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli.

Injini ikiwa baridi, ing'oe plagi uitazame mdomo. Ikiwa imeloa petroli, moto wa umeme haufiki, au umeinywesha mafuta kwa kujaribu mara nyingi. Kavu kabisa? Mafuta ndiyo hayafiki, fuata mpira wa petroli hadi kwenye kabureta, panapochanganywa petroli na hewa. Nyeusi kwa masizi, safisha filta ya hewa kwanza.

Sasa irudishe plagi kwenye kofia yake, ile iliyo kwenye ncha ya waya, laza chuma cha plagi kwenye bodi ya injini, mbali na lile tundu ulikoing'oa maana mvuke wa petroli hushika moto, na mwenzio abonyeze stata (akishika breki, skuta nyingi hazipokei bila hiyo). Fanya kivulini, cheche juani huioni. Ya buluu na yenye nguvu ni nzima.

Usipoiona cheche, usinunue koili (inayoipa plagi umeme mkali) bado. Yangu, hapa Likoni, fundi alishaniambia koili imekufa. Nilipoivuta kofia ya plagi nikakuta tone la maji ndani, na shaba ya waya imeota kutu ya kijani. Hewa ya bahari hiyo. Nikakata ncha ya waya kama nusu sentimita, nikakausha kofia, nikaizungusha tena mahali pake. Ikawaka palepale. Koili ni ileile hadi leo.