Ukuta Mkuu haukimbii, we nenda Beihai

Mwanangu,

Meseji yako niliiona jana usiku nimeshavua miwani, ndo maana nakujibu leo asubuhi na chai pembeni. Umesema semina ikiisha unabaki na Jumapili moja tu Beijing kabla ya ndege, wenzako wanakuvuta Ukuta Mkuu, sasa mi niliyekaa kule miaka mitatu ningeenda wapi. Afu ukaongeza na uchokozi wako, eti mbona kwenye albamu kuna picha moja tu ya bustani, nimesimama darajani na nyuma yangu kuna kitu cheupe kama chupa.

Hicho cheupe ndo jibu lenyewe. Ni mnara wa Wabudha, uko juu ya kisiwa katikati ya bustani ya Beihai, na nimepigwa picha nikiwa nje kwasababu ndani hatukuingia kabisa. Sisi tulipelekwa 1972, Watanzania na Wazambia kama 200 hivi, kusomea reli pale chuo cha Northern Jiaotong ili tukirudi tuje kuendesha TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na Beihai ilikuwa imefungwa tangu 1971, enzi za Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao. Ikaja kufunguliwa 1978, na mi toka 1975 nilisharudi, niko Mbeya nahangaika na mabehewa. Yaani miaka mitatu napita pale na basi, nauona mnara unachungulia juu ya miti, geti kimya.

Nimekuja kuingia 2011, mstaafu tayari, kaka yako aliponichukua kwenye safari yake ya mzigo Guangzhou nikamwambia sishuki huko kuangalia viatu mpaka unipeleke Beijing kwanza. Alinung'unika lakini akanipeleka.

Sasa nisikilize. Ingia geti la kusini, pasipoti uwe nayo mkononi, na chukua tiketi inayojumlisha kila kitu maana ya kawaida haikufikishi mnarani. Pembeni ya geti kuna boma la mviringo linaitwa Tuancheng, watu wengi wanalipita, usilipite, mle ndani kuna bakuli la jiwe la jade la mfalme wa Wamongolia Kublai Khan, la 1265, uzito wake kama tani tatu na nusu, limechongwa joka na wanyama wa baharini. Alikuwa anawekea pombe. Ufalme wake ulipoanguka likapotelea kwenye hekalu moja na wale watawa wakawa wanalowekea mboga za chumvi, fikiria, bakuli la mfalme limegeuka pipa la achari! mpaka Qianlong, mfalme wa China wa karne ya 18, akaja kulinunua na kulijengea kibanda.

Ukivuka daraja unapanda mnarani. Ulijengwa 1651, tetemeko la 1679 likauangusha, wakajenga, la 1731 likaja tena, wakajenga tena. Juu kule utaona kwamba zaidi ya nusu ya bustani ni maji, na ziwa lile limechimbwa na watu, udongo waliotoa ndo kilima ulichosimamia. Piga selfi zako ushuke upande wa kaskazini, kuna boti ya kukuvusha.

Ng'ambo ndo ninapopataka mimi. Kuna ukuta wa madragoni tisa wa vigae, mzuri, kila mtu yuko pale na simu juu, uangalie usonge mbele. Uulizie Jingxinzhai. Ni bustani ndani ya bustani, Qianlong aliijenga 1757, na mlangoni utaona kama umedanganywa, kibwawa kidogo na nyumba basi. Zunguka nyuma ya hiyo nyumba. Panafunguka mawe yamepandana kama mlima, daraja dogo, kibaraza kirefu chenye paa kinachopanda na kushuka na ukuta, kila ukipiga hatua kumi kile ulichokuwa unakiangalia kinajificha nyuma ya jiwe na kingine kinatokea. Mi nimefundishwa kunyoosha njia mwanangu, kwa mtu wa reli kona ni adui, kona inakula magurudumu, kona ndo inaangusha treni. Hawa wameweka kona makusudi! Eneo lenyewe dogo lakini nilitumia saa nzima nikawa bado sijapamaliza, kaka yako ameshaenda kununua maji mara mbili.

Tulipotoka, pale nje kuna mzee anaandika herufi chini kwenye sakafu kwa brashi ndefu na maji, wapo wengi wanafanya hivyo asubuhi. Nikamsalimia na Kichina changu cha kutu, nikamwambia nimesomea reli hapahapa mjini. Akacheka, akachovya brashi, akaandika herufi mbili kubwa, tielu, reli, afu akanyoosha kidole Jingxinzhai. Kumbe 1888 yule mama mtawala Cixi alijengewa reli yake binafsi, kama kilomita moja na nusu, kutoka kwenye makazi yake mpaka hapo nilipotokea, anakuja kula chakula cha mchana. Injini ilikuwepo lakini kelele hakuzitaka, basi mabehewa yakawa yanavutwa na matowashi kwa kamba. Mwaka 1900 majeshi ya nje yalipoingia mjini reli ikang'olewa.

Miaka mitatu ya chuo cha reli, mitihani ya breki, ya signo, ya injini, na hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba nyuma ya lile geti kulikuwa na stesheni! Nilisimama pale kama mjinga. Mzee alipomaliza kuhadithia na mi kumkatiza kumuuliza mara tatu tatu, zile herufi chini zilishakauka, imebaki alama ya nukta moja tu.

Kwahiyo Jumapili nenda mapema, wenzako waache wapande ngazi za Ukuta. Na nina ombi, mi siku ile simu iliisha chaji palepale mlangoni pa Jingxinzhai. Nipigie picha ya hapo nje, sio wewe, hapo chini kwenye sakafu ambapo treni ilikuwa inasimama. Najua hakuna kitu, we piga tu.

Mama yako anasema usisahau sweta.

Baba