Kukata tumbo au baipasi?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina kilo 138, sukari ninayo, na kiungulia usiku ndo usiseme, nalalia mito mitatu. Shoga yangu alikatwa tumbo kapungua mpaka magauni kagawa yote, ila daktari wangu ananiambia baipasi ya tumbo. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hicho kiungulia ndo kinaamua hapa. Ukikatwa tumbo linabaki mrija mwembamba kama ndizi, baipasi wanaacha kifuko kidogo wanakiunga na utumbo, chakula kinaruka njia. Finland waliwagawa wagonjwa 240 makundi mawili, baada ya miaka 10 waliokatwa wamepoteza asilimia 43.5 ya uzito uliozidi, wa baipasi 51.9, na kwenye sukari hawakupishana sana, sasa hiyo mi naona si ya kugombania, ila umio kuchubuka kwa asidi ilikuwa asilimia 31 kwa waliokatwa, 7 tu kwa wa baipasi! Daktari wako hajakosea. Waambie wakupitishe kamera kooni kwanza, na baipasi ujue vitamini B12 na madini chuma utameza maisha yote, halafu huyo shoga hebu muulize kama usiku halali amekaa.