Wewe ni wa zamani dukani, lakini karatasi zako ziko wapi?

Nimefanya kazi kwenye duka moja kubwa la rejareja hapa Dar es Salaam kwa muda mrefu kiasi kwamba kuna wateja niliowahi kuwaona wamebebwa mgongoni na mama zao, na leo wanakuja wenyewe kulipa kwa simu. Nilianza kwa kupanga bidhaa kwenye shelfu, nikawa keshia, sasa nasimamia zamu. Nawaandikia wenzangu waliokaa sana, hasa wale wanaosema, "Mimi pale ni wa zamani, wananijua."

Nani anakujua? Meneja aliyekuajiri alishahama. Msimamizi aliyeshuhudia ukifanya kazi usiku wa mkesha wa Krismasi yuko Mwanza. Na kampuni yenyewe inaweza kubadilika mikononi mwa watu usiowahi kuwaona. Mwaka 2014 Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya. Mwaka 2015 Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga maduka yake nchini. Nakumatt yenyewe ikazama kwenye madeni na duka lake la Mlimani City likafungwa. Ndani ya maduka yale walikuwamo watu wenye miaka mingi kazini, na mwajiri anapoondoka, kinachobaki cha miaka hiyo ni kile kilichoandikwa.

Kwa hiyo anza na karatasi, na ziweke nyumbani. Barua ya ajira, kila barua ya kupandishwa cheo au kuhamishwa idara, slipu za mshahara, fomu za likizo zilizosainiwa. Usiziache kwenye kabati la kazini. Nimemshuhudia mama mmoja wa idara ya mboga na matunda akisimamishwa kazi na kunyang'anywa kitambulisho getini, bahasha yake yote ikiwa ndani, na kila alipokuja kuifuata mlinzi alimwambia hana ruhusa. Piga picha kila karatasi na ujitumie kwa barua pepe yako binafsi, ile isiyo ya kampuni.

Maduka makubwa yana tabia ya kumpa mtu majukumu kwa mdomo. "Kuanzia Jumatatu shika zamu ya jioni, barua inakuja." Barua haiji, na mwaka unaisha. Mimi nilijizoeza kumwandikia bosi ujumbe siku ileile, kwa adabu kabisa: "Shikamoo bosi, kama ulivyonielekeza leo, Jumatatu naanza kusimamia zamu ya jioni. Naomba barua pale itakapokuwa tayari." Akijibu "sawa", tayari kuna tarehe na kuna kazi uliyopewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, na yakibadilika akujulishe kwa maandishi pia. Hakuna ukorofi wowote katika kuiomba barua hiyo.

Sasa shoti, yaani pesa kupungua kwenye mashine yako. Kila keshia anajua tumbo linavyokaza pale hesabu ya jioni inapokataa. Katika maduka mengi, pesa ikipungua inakatwa tu kwenye mshahara, na mtu wa zamani ananyamaza ili asionekane mwizi. Sheria haisemi hivyo. Ili ukatwe kwa ajili ya hasara, lazima iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako. Mwajiri akuandikie chanzo chake, kiasi na jinsi alivyokipata. Upewe nafasi ya kupinga, na makato yote hayo yasizidi robo ya mshahara wako. Ile desturi ya kugawanya hasara ya stoku kwa idara nzima, kila mtu alipe fungu lake, muulize anayekuletea karatasi usaini: kosa langu mimi limeandikwa wapi?

Njia bora ya kujikinga na shoti ni namba yako ya siri ya mashine. Usimwazime mtu, hata msimamizi anayesema ana haraka ya kufuta risiti moja. Mimi ni msimamizi, na nawaambia makeshia wangu wanikatalie hata mimi. Risiti ikifutwa, aliyeidhinisha asaini papo hapo. Foleni ikirefuka mteja atanuna dakika tano, lakini jina lililobaki kwenye mfumo ni lako, na ndilo litakalosomwa wakaguzi wakija.

Wakikuita kwenye chumba cha ulinzi wakuwekee karatasi, "andika tu umekosea, yaishe", usiandike usichokifanya. Hakuna kinachoisha pale. Kama wana tuhuma, kuna kikao cha nidhamu. Unatakiwa ujulishwe tuhuma hizo mapema, angalau saa 48 kabla, na una haki ya kuingia na mwenzako wa kazini au kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kwa kazi zetu chama kinachojulikana ni TUICO. Jiunge ukiwa huna tatizo, maana ukishakuwa na shauri ndipo utaanza kutafuta fomu huku siku zinakwenda.

Kuhusu saa za kazi nitasema kidogo. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na sikukuu ya serikali hulipwa mara mbili. Piga picha ratiba ya zamu kila inapobandikwa, hasa Desemba na wiki ya Idi.

Jambo linaloniuma zaidi ni NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa sababu hapo watu wa zamani ndio wanaoumia zaidi. Slipu inaonyesha makato kila mwezi, wewe unaridhika. Lakini slipu inathibitisha tu kwamba ulikatwa, haithibitishi kwamba pesa ilifika. Chukua taarifa ya michango yako NSSF, ukae chini na slipu zako, uzilinganishe mwezi kwa mwezi. Pensheni inahitaji angalau miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Mtu mwenye mapengo ya hapa na pale anaweza kufika miaka 55 ya kustaafu kwa hiari, au hata 60 ya lazima, akakuta hajatimiza. Pengo la mwaka jana linafuatiliwa. La miaka kumi iliyopita, la kampuni iliyokwishauzwa, ni kazi nzito mno. Angalia pia kama jina lako NSSF linafanana na la kitambulisho cha NIDA. Na kama uliwahi kuchangia PPF, mfuko mwingine wa pensheni, kabla ya mifuko kuunganishwa mwaka 2018, ulizia miezi hiyo iko wapi.

Nasisitiza NSSF kwa sababu kiinua mgongo ambacho wengi wanakitegemea ni kidogo kuliko wanavyodhani. Sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na inahesabu miaka 10 tu. Aliyekaa miaka 10 na aliyekaa 22, kwa kiwango cha sheria, wote ni siku 70. Posho hazimo. Kama mkataba wa hiari kati ya chama na kampuni unatoa zaidi, uombe uusome mwenyewe. Kabla ya kuchukua mkopo wa benki wa kumalizia nyumba Chanika au Kigamboni, piga hesabu hiyo kwanza, maana mshahara ukikoma rejesho linabaki palepale.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini unabembelezwa uandike mwenyewe barua ya kuacha kazi. "Utaondoka na heshima yako, dada." Ukiacha mwenyewe, kiinua mgongo hicho cha sheria huwezi kukidai. Kama wanapunguza watu, sheria inawataka watoe taarifa, waeleze sababu na washauriane nanyi au chama chenu kabla ya kuamua. Karatasi yoyote ya siku hiyo, pamoja na mkataba mpya wa muda mfupi usiotaja miaka yako ya nyuma, iombe uende nayo nyumbani ukalale nayo.

Na ukishaachishwa, hesabu siku. Kupinga kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, una siku 30 tangu siku ya kuachishwa au ya uamuzi wa mwisho wa mwajiri. Madai mengine, kama mshahara uliobaki, ni siku 60. Nimeona watu wazima wakizimaliza siku hizo nyumbani kwa sababu bosi aliwaambia wasubiri, atawarudisha. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu za maana, na "bosi aliniahidi" ni sababu dhaifu. Jaza Fomu Namba 1, nakala moja mpelekee mwajiri na akusainie kwamba ameipokea, kisha isajili CMA. Shauri linaanza na usuluhishi, kwa hiyo kama bosi kweli anataka kukurudisha, anaweza kuja kulisema pale.