Jibu: usijenge programu ya kanji kama wewe mwenyewe ndiye mwanafunzi

Usiianze hiyo programu ya kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina. Kama umeshaianza, iache leo hii.

Umeandika kwamba umeacha kazi mwezi uliopita, unataka kuishi kwa programu zako mwenyewe za simu na kujifunza Kijapani wakati huo huo, kwa hiyo programu ya kwanza itakuwa ya kadi za kukariri kanji, "nijifunze huku najenga". Halafu ukauliza uiandike kwa Flutter au Kotlin, Android au iPhone, kutoza kwa mwezi au mara moja, na kama ujiandikishe mtihani wa JLPT, ule wa kupima Kijapani, wa Desemba. Kaka, maneno hayo niliyasema mimi Februari 2023. Yalinila miezi 11 na akiba ya shilingi 480,000 niliyoiweka nikifanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Mombasa. Nimelisoma swali lako nikiwa mezani, nikaisukuma sahani pembeni.

Najua ulikolitoa wazo hilo kwa sababu mimi nililinunua. Kuna jamaa anauza kozi ya video, nililipa dola 60, na somo lake kubwa ni kwamba ujenge chombo unachokihitaji wewe mwenyewe, maana wewe ndiye mteja wa kwanza na unajua shida yako. Kwa fundi seremala anayejitengenezea kipimo cha mbao, sawa. Kipimo kikidanganya, mlango haufungi, atajua siku hiyo hiyo. Mwanafunzi atajuaje? Kitu kikikosewa mbele yake anakimeza hivyo hivyo na kushukuru. Jamaa hakulisema hilo hata mara moja katika saa 14 za video, na baadaye nikamsikia mahali pengine akikiri kwamba hajawahi kujifunza lugha yoyote ya kigeni. Bado nina hasira naye, sifichi.

Kwanza nikuonyeshe muda unavyokwenda. Unadhani utakuwa unasoma huku unaandika msimbo. Husomi. Kila nilipojenga toleo jipya hifadhidata ilifutika ikaanza upya, na kadi za mwanzo zilikuwa zile zile: 一, 二, 三, 日, 人. Moja, mbili, tatu, siku, mtu. Nimeziona mara elfu kadhaa. Siku nzima inaishia kwenye kitufe kinachokataa kukaa katikati, jioni umechoka, unajiambia leo umefanya Kijapani kwa saa 9. Kufikia Julai kanji nilizoziongeza kichwani tangu niache kazi hazikufika 60. Nilipokuwa bado nimeajiriwa, nikirudia kadi ndani ya matatu kutoka Mtwapa asubuhi, nilikuwa naongeza kumi kila wiki.

Na chombo kipo. Anki, programu ya kadi za kukariri, ipo tangu 2006, ni bure kwenye kompyuta, na kwenye Android kuna AnkiDroid, nayo bure. Nilikuwa nayo kwenye simu yangu! Niliiondoa kwa sababu nilijiambia kutumia kazi ya mwingine ni kukosa imani na yangu.

Lakini muda haukuniuma kama kilichofuata. Soma hapa taratibu.

Programu ilitoka Oktoba. Novemba nikaanza masomo na mwalimu wa Kijapani kwa njia ya video, mama mmoja mpole sana. Somo la pili akaniambia niandike kwa mkono maneno kumi ninayoyajua vizuri. Nikachukua daftari la miraba, nikaandika kwa kalamu nyeusi, polepole, nikaanza na 海, bahari, maana mtu wa pwani ataanza na nini kingine? Nikafuata na 直, kisha 骨. Nikainua daftari mbele ya kamera. Akanyamaza. Akasogea karibu na skrini yake. Kisha akaandika 海 ya kwake na kuiweka mbele ya kamera, akaniuliza kwa upole mkubwa: "Ulisomea China?"

Nikabisha. Nikamwonyesha simu yangu, programu yangu mwenyewe, kadi ile ile. Upande wa kulia wa 海 yangu, chini, kwenye kile kisanduku, kulikuwa na nukta mbili. Kwenye yake kulikuwa na mstari mmoja uliosimama, umekata kisanduku juu hadi chini. 直 ya Kijapani ina mstari uliokunjwa kama herufi L, umekumbatia kisanduku upande wa kushoto na chini. Yangu kisanduku kilikuwa kimekaa tu juu ya mstari wa chini. Kwenye 骨, kile kiraba kidogo cha juu Wajapani hukielekeza kulia, changu kilitazama kushoto. Nilimwomba aifungue programu hiyo kwenye simu yake. Kwake herufi zote zilikuwa sahihi. Simu yake ilikuwa imewekwa kwa lugha ya Kijapani.

Sababu ni hii, na jamaa wa kozi hakuigusa. Unicode, ule mpango unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta na simu, ulipopangwa, miaka ya mwanzo ya 1990, herufi ambazo China, Japani na Korea wanachangia asili yake ziliunganishwa: herufi moja, nambari moja. 海 ni 6D77 kote. Namba haisemi ichorwe kwa sura ya nchi gani; fonti ndiyo inayoamua, na fonti huchaguliwa kwa lugha ya simu. Simu ikiwa ya Kiingereza au Kiswahili, Android haina dalili yoyote kwamba unataka Kijapani, na kwenye simu zangu zote ilichagua sura ya Kichina. Data yangu ilikuwa safi kabisa. Maneno nilitoa kamusi ya JMdict, kanji nikatoa KANJIDIC, zote unaweza kuzitumia ukitaja zilikotoka na kufuata leseni yake. Namba sahihi, maana sahihi, matamshi sahihi, na sura za nchi nyingine.

Kurekebisha kulinichukua dakika nne. Unaiambia kila sehemu ya maandishi kwamba lugha yake ni "ja", au unafungasha fonti ya Kijapani kama Noto Sans JP ndani ya programu. Dakika nne, baada ya miezi ya kutoona kitu.

Utasema basi sasa unajua, utaweka "ja" siku ya kwanza na yamekwisha. Hapana, ndugu yangu. Hilo moja nimekuambia mimi. Lile la pili na la tatu nani atakuambia? Nilijaribu programu ile kwenye simu tatu, sikuwa mzembe. Zote tatu zilinionyesha kitu kimoja, na macho yangu hayakuwa na cha kulinganisha. Mtu akiandika "mtto" badala ya "mtoto" kwenye bango, nitaliona nikiwa ng'ambo ya barabara, kwenye pikipiki, mvua inanyesha. Kwa Kijapani sikuwa na jicho hilo, wewe pia huna, na huwezi kulijenga kwa kutumia chombo kinachosubiri jicho hilo hilo likikague.

Ningekuwa nimejidanganya peke yangu ningenyamaza. Kulikuwa na watu 37 waliolipa. Mmoja ni binti aliyekuwa anajiandaa kuomba ufadhili wa MEXT, ule wa serikali ya Japani. Aliniandikia kunishukuru: amemaliza kadi 430 kwa kuandika kila moja kwa mkono mara 20, daftari tatu zimejaa, akanitumia picha. Niliikuza picha ile kwa vidole viwili. 海, 海, 海, mstari mzima, kila moja na nukta mbili, mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilikaa siku mbili kabla ya kumjibu. Nikamwambia ukweli, nikamrudishia pesa yeye na wengine 36, nikawatumia orodha ya kanji za kurudiwa. Hakunikaripia. Aliuliza tu kama zile nyingine zilizobaki ni salama, nami sikuwa na uwezo wa kumjibu mpaka mwalimu wangu azipitie moja moja. Hilo ndilo lililonifanya niiondoe programu dukani.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu: usijenge programu ya kitu ambacho wewe ndiye mwanafunzi wake. Kijapani jifunze kwa vyombo vya waliokijua. Programu jenga ya kazi uliyoifanya kwa mikono, ambayo ikikosea utaiona kabla ya chai kupoa.

Ulitaja mtihani. Nilifanya N4, kiwango cha pili kutoka chini cha JLPT, Nairobi Desemba hiyo hiyo. Nilipata 97, na N4 hupita kwa 90 kati ya 180. Nikaanguka. Kuna kiwango cha chini kwa kila sehemu, na kusikiliza ni 19 kati ya 60. Mimi nilipata 17. Kwa nini? Programu yangu haikuwa na sauti. Sauti ilikuwa kwenye orodha ya "toleo la pili", nami nilikuwa nasomea humo humo. Unaona kitu kile kile kinavyorudi? Nilichoshindwa kukijenga ndicho nilichoshindwa kukijua.

Inauma kwa sababu sisi Kijapani kinatukaa masikioni. Irabu tano zile zile, silabi zinaishia kwa irabu kama zetu, na sisi tunajua kwamba "kufa" na "kufaa" ni mambo mawili, hivyo irabu ndefu si ngeni kwetu. Pa kuangalia ni mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho, unaivuta irabu bila kujua. Ukisema "obasan" kwa mkazo wa Kiswahili, shangazi wa watu anasikia umemwita "obaasan", yaani bibi kizee. Mwalimu alinirekebisha hilo kwa dakika moja, hakuna kadi ingenirekebisha. (Na jina la dubu kwa Kijapani litafute peke yako, usilisome kwa sauti mbele ya wazazi.)

Sasa ninaishi kwa nini? Karatasi za mnada wa magari. Kwa miaka sita bandarini nilikuwa naona wauzaji wa magari ya mtumba kutoka Japani wanaletewa karatasi ya ukaguzi ya mnada, imejaa mwandiko wa mkaguzi, nao wanaangalia gredi tu, 4 au 3.5, basi. Ile michoro ya gari iliyojaa A1, U2, W1 wanaipita, wakati A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya matengenezo, S ni kutu, "sabi". Kuna kisanduku kimeandikwa 修復歴, historia ya matengenezo ya mwili wa gari. Pembeni kukiwa na 有, ipo, 無, haipo. Kuna mwaka wa usajili wa kwanza ulioandikwa kwa enzi ya mfalme: Heisei unaongeza 1988, Reiwa unaongeza 2018, hivyo Heisei 30 ni 2018. Na Kenya haipokei gari la mtumba lililopita miaka minane tangu usajili wa kwanza, kwa hiyo kosa hapo ni gari kukwama bandarini na mtu kulia. Programu yangu inawasaidia kuisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari. Ikikosea naiona, kwa sababu nimeyapokea magari yenyewe, nimepitisha kidole kwenye kutu yenyewe. Na 有 imenikaa kichwani siku moja, bila kadi, baada ya kuona mteja akilipia gari lililopinda chasisi.

Android au iPhone: Android, wateja wako wako huko, na ada ya Google ya kufungua akaunti ya kutoa programu ni dola 25 mara moja wakati Apple ni dola 99 kila mwaka. Ila ukifungua akaunti binafsi sasa Google watakutaka uwe na watu 12 wa kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kutoa hadharani, waanze kutafutwa mapema. Flutter au Kotlin, tumia unayoijua. Bei tutaongea ukiwa na kitu cha kuuza.

Ulifanya kazi gani kabla ya kuacha? Hukusema. Niandikie hilo kwanza. Na kabla hujaniandikia, itazame hii hapa: 海. Ivute kwa vidole mpaka ijae skrini, uangalie kisanduku cha kulia, chini, uniambie unaona mstari mmoja au nukta mbili.