Kitabu cha Komoro Hakiko Kwenye Rafu ya Komoro

Wewe unayeanza kusoma habari za nchi ndogo za joto, zile ambazo hutajwa redioni pakitokea kimbunga au mapinduzi tu, maktaba za Nairobi zitakuvunja moyo mapema. Utamwomba mhudumu kitabu kuhusu Sao Tome na Principe, nchi ya visiwa magharibi mwa Afrika, atabonyeza kompyuta, atatikisa kichwa. Usitoke bado. Mara nyingi kitu unachotaka kimo humo humo, ila kimekaa mahali ambapo jina la nchi halikuandikwa.

Jifunze majina ya zamani kwanza. Vanuatu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, iliitwa New Hebrides hadi ilipopata uhuru tarehe 30 Julai 1980. Tangu 1906 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeitawala kwa pamoja, kila mmoja na polisi wake na shule zake. Kisiwa cha Bioko, chenye mji mkuu wa Guinea ya Ikweta wa miaka mingi, Malabo, kiliitwa Fernando Po. Surinamu ya Amerika Kusini ilikuwa Dutch Guiana. Vitabu vikongwe, viwe vya maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931 au vile vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara katikati ya jiji, vina majina hayo mgongoni. Ukitafuta la sasa utavipita hivi hivi.

Halafu tafuta kwa zao au kiumbe. Hapa ndipo penye utamu. Sao Tome na Principe, visiwa ambavyo Wareno walivikuta bila watu karne ya 15, mwanzoni mwa karne ya 20 vilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kakao duniani. Kwa hiyo historia yao imo ndani ya vitabu vya biashara ya chokoleti. Huko utasoma jinsi vibarua walivyoletwa kutoka Angola kwa mikataba ambayo kwa kweli ilikuwa utumwa, hadi kampuni ya Cadbury ikaacha kununua kakao ya huko mwaka 1909. Kisha nenda rafu ya fizikia. Tarehe 29 Mei 1919 mwanaastronomia Mwingereza Arthur Eddington alipiga picha za kupatwa kwa jua akiwa Principe, ili kupima nadharia ya Einstein kuhusu mwanga. Alikuwa kwenye shamba la kakao la Sundy. Vitabu vya sayansi vitakueleza mawingu ya siku ile kwa kirefu. Waliokuwa wakichuma kakao hapo hawapati hata sentensi. Ndiyo maana nasema usome rafu zote mbili.

Udongo wa volkano na mvua nyingi ndivyo vilivyoleta kakao, kakao ikaleta mashamba, mashamba yakaleta watu. Mtu anayekuambia historia ni somo moja na mazingira ni jingine hajasoma habari za kisiwa.

Tazama pia mwaka wa kuchapishwa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Februari 1953 wenyeji wa Sao Tome waliokataa kupelekwa mashambani waliuawa na watu wa serikali ya kikoloni huko Batepá. Kitabu cha kabla ya hapo kinaweza kukusifia mashamba mpaka ukatamani kwenda kutalii. Hakina kosa la tarehe, ila mwandishi wake alikuwa mgeni wa mwenye shamba, na chakula cha mwenyeji huathiri kalamu.

Uliza vilevile nani alijua kwanza. Karibu kila kitabu cha samaki kina kisa cha silakanti, aliyedhaniwa kutoweka zamani za dinosaria, akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Profesa J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa huko, alimsaka wa pili kwa miaka 14, akapatikana Komoro, kisiwa cha Nzwani, Desemba 1952. Waziri mkuu wa Afrika Kusini, Malan, akatoa ndege ya jeshi impeleke profesa kumchukua. Kisa kitamu. Lakini wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua samaki huyo siku zote, na jina lake, gombessa, walikuwa nalo. Ukipata kitabu kinachoanzia kwa wavuvi, kinunue.

Kuhusu kununua, neno moja: usikishike kwa mikono miwili. Muuzaji akiona macho yako yameng'aa, bei imepanda. Okota cha upishi kwanza, ulizia hicho, kisha kile chako kama wa kupoteza muda.

Lugha haikwepeki. Mengi kuhusu Surinamu yako kwa Kiholanzi, ya Sao Tome kwa Kireno, ya Komoro kwa Kifaransa. Kama una Kifaransa cha shule, anza na Komoro. Maktaba ya Alliance Française iko hapo mjini. Huko utakutana na jambo la kukupa kazi: kitabu kimoja kitasema Komoro ni visiwa vinne, kingine vitatu. Hakuna aliyekosea hesabu. Tarehe 6 Julai 1975 Komoro ilijitangazia uhuru, kisiwa cha nne, Mayotte, kikabaki chini ya Ufaransa, na serikali ya Komoro iliyoko Moroni hadi leo inakidai kisiwa hicho. Soma vyote viwili, kisha geuza ukurasa wa mwanzo uone kila kimoja kilichapishwa wapi.