Kampuni kubwa zinapitaje Namanga, na wewe unakwama wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Natengeneza siagi ya karanga hapa Arusha, nimepata mteja Nairobi anataka katoni 20 kila baada ya wiki mbili. Safari ya kwanza nilifika Namanga asubuhi nikakaa mpaka saa kumi jioni, mwishowe nikampa hela mtu aliyejitambulisha kama wakala, risiti hakunipa. Sasa najiuliza, benki za Kenya zipo mpaka mtaani kwetu, supamaketi zao zilikuja, kampuni za simu ndo usiseme, wao wanavuka mpaka kama wanavuka barabara alafu sisi wa katoni 20 tunakwama. Hii Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya nani hasa?
Mama Siagi, Arusha

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hiyo hela bila risiti imeniuma kuliko hata masaa uliyokaa pale juani, maana najua faida ya katoni 20 ilivyo ndogo.

Nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui, hizo kampuni wala hazivuki mpaka. KCB, benki ya Kenya, ilipoingia Tanzania mwaka 1997 hata mkataba wa Jumuiya ulikuwa bado, ulikuja kusainiwa hapo hapo Arusha Novemba 30, 1999, wao walisajili kampuni ya Kitanzania wakaomba leseni ya Tanzania basi. Equity, nao benki ya Kenya, walivyotaka Uganda mwaka 2008 wakanunua taasisi ya mikopo ambayo tayari ilikuwa na wateja wake na matawi yake. Kila nchi wanazaliwa upya, bodi nyingine, kodi nyingine, Benki Kuu nyingine ya kuwakagua, kwa hiyo kile unachokiona kama kampuni moja iliyovuka ni kampuni nne au tano zinazotumia nembo moja. Leseni moja ya benki inayofanya kazi Jumuiya nzima haipo mpaka leo.

Kampuni za simu nazo vilevile. Celtel mwaka 2006 waliunganisha mitandao yao ya Kenya, Uganda na Tanzania, ukivuka unapiga kwa bei ya mwenyeji, hakuna roming, na waliweza kwa sababu nchi zote tatu walishakuwa na kampuni zao ndani. Soko la pamoja la Jumuiya lenyewe lilianza Julai 2010, miaka karibu minne baadae.

Jumuiya ilipofungua kweli kweli ni kwenye bidhaa, na hapo ndo ulipo wewe. Tangu umoja wa forodha uanze 2005 lengo lilikuwa bidhaa iliyozalishwa ndani isilipe ushuru wa forodha ikienda nchi mwanachama, sasa hivi ndivyo ilivyo, ila lazima uoneshe imezaliwa wapi. Karatasi inayosema hivyo inaitwa cheti cha uasili wa bidhaa, na bila hiyo siagi yako pale mpakani ni sawa na siagi iliyotoka Ulaya. Usidhani wakubwa wanasamehewa, mwaka 2018 peremende na chokoleti za viwanda vya Kenya zilitozwa asilimia 25 kuingia Tanzania kwa hoja kwamba sukari yake iliagizwa nje kwa msamaha wa ushuru, wakabishana wee, mpaka wataalamu wa nchi zote wakaenda kukagua viwandani.

Kwa mzigo mdogo kuna cheti rahisi. Thamani isizidi dola 2,000 na bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa, afisa wa forodha anakigonga muhuri palepale mpakani. Niliwahi kumuona mama mmoja wa vitunguu pale Namanga, fomu ameikunja mara nne ameifunga kwenye pindo la kitenge, akaikunjua taratibu juu ya kaunta, afisa akasoma, akauliza kilo ngapi, muhuri ukagonga, mama akakunja tena vilevile akaondoka. Muda wote ule nyuma yangu kuna kijana ana maboksi ya viatu anazungushwa na watu watatu tofauti, kila mmoja anamwambia yeye ndo anajua njia. Katoni zako 20 sidhani kama zinafika dola 2,000. Nenda forodha uulize kama siagi ya karanga ipo kwenye orodha, kama haipo tafuta cheti kamili kupitia wakala mwenye leseni, na risiti udai. Elewa tu kwamba cheti kinaondoa ushuru wa forodha, VAT na tozo nyingine za Kenya ni habari nyingine, hizo kubaliana na mteja wako nani analipa.

Na alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, usiiache. Kuna sheria ya viwango ya Jumuiya ya 2006, alama ya ubora ya nchi moja inatakiwa itambuliwe na nyingine. Kwako hili ni kubwa kwa sababu karanga inashika sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kama mahindi, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, baada ya siku chache wakafungua kwa masharti, likiwemo cheti cha kipimo. Pima kabla hujasaga, sio kwa ajili ya mpaka tu, watu wanawapakia watoto kwenye mkate.

Kitu ambacho wakubwa wanakitumia na sisi hatukitumii ni mahakama. Uganda mwaka 2017 ilibadili sheria ya ushuru wa bidhaa, sigara zinazotoka Kenya zikatozwa zaidi ya za kutengenezwa Uganda, kampuni ya sigara ya BAT Uganda wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na 2019 mahakama ikasema sheria ile inakiuka mkataba. Mlango huo huo mkataba unaufungua kwa mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu au kampuni, ila una miezi miwili tu tangu sheria itungwe au jambo litendeke. Mahakama yenyewe iko Arusha, daladala moja kutoka kwako.

La mwisho, hizo supamaketi unazozionea wivu. Uchumi walifunga Uganda na Tanzania Oktoba 2015, Nakumatt waliokuwa wamefika mpaka Kigali nao madeni yakawashinda, na walioumia ni watu kama wewe waliokuwa wamepeleka mzigo kwa mali kauli. Mteja wako wa Nairobi alipe nusu kabla gari halijaondoka.

SWALI: Jambo dada. Banki za Kenya na Tanzania zimejaa kwetu Kongo. Ni Jumuiya ndio imeleta?
Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Jambo sana ndugu yangu. Angalia miaka. Equity ya Kenya waliingia benki ya ProCredit ya Kongo 2015, wakanunua na benki ya BCDC 2020, na Kongo imekuwa mwanachama kamili Julai 2022, kwa hiyo benki ilitangulia bendera. Walifuata mzigo, yale malori ya Mombasa na Dar yanayopanda mpaka Lubumbashi yana wenyewe, na wenyewe wanahitaji kulipana. Waliokuja baada ya uanachama ni KCB walionunua asilimia 85 ya benki ya TMB ya hapo kwenu Desemba 2022, na CRDB ya Tanzania waliofungua Lubumbashi 2023.

Ila uanachama haujaondoa hatari. Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025 mabenki yalifunga milango, watu wakawa na hela kwenye akaunti wasiweze kununua unga. Jumuiya ilishapeleka jeshi lake huko mwishoni mwa 2022 na Kongo ikaliondoa Desemba 2023. Wewe wa Lubumbashi uko mbali na vita, lakini ukiwa na ndugu Goma mwambie asiweke hela yake yote sehemu moja.