Mhadhiri anaongea, peni yangu imesimama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nasoma uchumi. Kidato cha sita madaftari yangu yalikuwa yamejaa hadi wenzangu wakayaazima. Hapa lekchara anaongea saa mbili, anatoka, nikiangalia nimeandika mistari minne, na wa nne haujaisha. Siku hizi napiga picha slaidi tu. Simu imejaa, na jaribio la kwanza nimepata 9 kwa 20. Je, mkono wangu ni mzito?
N., Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkono wako hauna kosa. Mtu akiongea kawaida hutoa maneno 120 kwa dakika na zaidi. Peni hufikisha 20, labda 30. Hakuna anayemkimbiza lekchara akamfikia.

Hayo madaftari uliyajazaje? Nadhani kama sisi: mwalimu anampa kiranja noti, kiranja anajaza ubao, darasa linanakili mpaka vichwa vya habari kwa peni nyekundu. Kidato cha tatu kiranja huyo nilikuwa mimi, kwa sababu ya mwandiko. Nilinakili sura nzima ya mmeng'enyo wa chakula bila kujua kongosho liko upande gani.

Chuoni anayeamua lipi liandikwe ni wewe, na kazi hiyo hukufundishwa. Tena unaifanya kwa Kiingereza: hujamaliza kuwaza spelingi ya neno moja, mwenzio kashaanza hoja nyingine.

Basi andika kwa Kiswahili. Najua kuna watakaonuna. Lekchara akieleza elastisiti, yaani bei ikibadilika watu wanabadilisha manunuzi kwa kiasi gani, fasili iache, iko kwenye slaidi. Weka peni chini, usikilize mfano, akimaliza uandike: "Chumvi ikipanda bei, tunanunua tu. Soda ikipanda, tunakunywa maji." Hapo umeshika kitu. Usiku huohuo, siyo wiki ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, fungua kitabu uuandike upya mstari huo kwa Kiingereza cha mtihani. Usipoelewa, zungushia duara. Maduara hayo ndiyo maswali yako ya semina. Wiki mbili za kwanza utaona unachelewa kulala. Vumilia.

Picha usizifute, ila grafu ichore kwa mkono wako. Iliyo kwenye simu utaipita kwa kidole ukitafuta picha za sendofu ya dada yako.

Na watakaokwambia "usijali, desa lipo steshenari", jua kwamba desa ni noti za mtu usiyemjua, wa mwaka usioujua. Mwaka wa pili nilinunua moja. Ukurasa wa 15 ulitokea mara mbili, wa 16 haukuwemo, na kwenye mtihani karibu darasa zima tuliruka swali lilelile.